Tela la kuogeshea mbwa: Ukaguzi uanzie chini, si ndani

Na Mwandishi Wetu

BIASHARA ya kuwafuata mbwa na paka majumbani kwa ajili ya kuwaosha, kuwanyoa manyoya na kuwakata kucha imekwisha kuota mizizi katika miji mingi ya Marekani, na si jambo geni pia nchini Uingereza na katika miji ya Ghuba kama vile Dubai.

Badala ya mwenye mnyama kufunga safari hadi dukani, mtoa huduma ndiye anayefika mlangoni kwake akiwa na beseni, maji ya moto, meza ya kunyolea na mashine ya kukaushia manyoya. Vyote hivyo huwa vimefungwa ndani ya gari, au ndani ya tela linalovutwa na gari.

Nchini Marekani, wengi wanaoanza na mtaji mdogo huvutiwa na tela kwa sababu moja ya msingi: halina injini. Gari linalolivuta likiharibika, hupelekwa gereji na jingine likakodiwa, kazi ikaendelea. Kwa mwenye gari lililogeuzwa kuwa saluni, siku gari linapolala gereji na biashara nayo hulala.

Hata hivyo, urahisi huo umewaponza baadhi ya wanunuzi. Mtu hufungua mlango, akaona kuta nyeupe, beseni lisiloshika kutu na taa zinazong'aa, akalipa bila kuinama kutazama kile kinachobeba vitu hivyo vyote.

Ukweli ni kwamba uimara wa tela umo chini ya sakafu yake. Vifaa vya ndani vyaweza kubadilishwa wakati wowote, lakini chesesi dhaifu, ekseli isiyotosha na breki mbovu ni hatari kwa mwenye mali, kwa wanyama anaowahudumia na kwa kila anayetumia barabara hiyo.

Jambo la kwanza la kukagua ni uzito. Sheria ya Marekani humtaka mtengenezaji abandike kibandiko katika nusu ya mbele ya ubavu wa kushoto wa tela. Kibandiko hicho huonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa kwa tela pamoja na mzigo wake wote, uzito unaoweza kubebwa na kila ekseli, na namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17.

Tela lisilo na kibandiko hicho, au ambalo namba yake hailingani na hati za umiliki, halifai kununuliwa hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa nini uzito ni muhimu kiasi hicho? Chukulia mfano wa tela dogo la ekseli moja lenye kikomo cha pauni 3,500, yaani takriban kilo 1,588. Tuseme boma lake tupu lina kilo 700. Hapo mnunuzi amebakiwa na kilo 888, na huona kuwa ni nyingi.

Sasa aanze kujaza. Kuta za ndani, vizuia joto na makabati, kilo 250. Beseni na meza ya kupanda na kushuka, kilo 110. Kiyoyozi na mtambo wa kuchemshia maji, kilo 70. Jenereta na mafuta yake, kilo 90. Tangi lenye lita 200 za maji, kilo 215, kwa kuwa kila lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Sabuni, mashine na taulo, kilo 60.

Jumla ni kilo 795. Nafasi iliyosalia ni kilo 93 tu. Akiongeza betri chache na tangi la pili la maji safi, tela limekwisha kupita kikomo chake kabla halijatoka uani.

Ndiyo maana tela lenye ekseli mbili ni chaguo la busara zaidi kwa kazi hii, mradi gari la kulivuta lina uwezo huo. Ekseli mbili zenye uwezo wa pauni 3,500 kila moja hufikisha kikomo cha takriban kilo 3,175. Aidha, tairi moja likipasuka barabarani, lipo jingine upande uleule la kulishikilia tela lisilale.

Jambo la pili ni mahali mzigo ulipokaa. Kanuni inayofuatwa sana Marekani ni kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela iangukie kwenye kiungio kilicho nyuma ya gari. Uzito huo ukipungua mno, tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki linapoongezewa mwendo, na dereva huweza kushindwa kulidhibiti. Ukizidi mno, gari hukaa chini nyuma, magurudumu ya mbele yakapungukiwa na mshiko.

Kwa tela la kuogeshea mbwa suala hili ni gumu kuliko kwa tela la kubeba bidhaa, kwa sababu maji huhama. Asubuhi lita 200 zimo katika tangi la maji safi. Jioni zimo katika tangi la maji machafu. Matangi hayo yakiwekwa kila moja katika ncha yake, tela huwa na mizani moja asubuhi na nyingine jioni.

Fundi anayeijua kazi huyaweka matangi yote mawili karibu na ekseli, na ndani yake huweka vigawanyo vya kuzuia maji yasisukumane kwa nguvu pale dereva anapofunga breki.

Kuhusu breki, majimbo mengi ya Marekani huamuru tela linalozidi pauni 3,000, sawa na takriban kilo 1,360, liwe na breki zake lenyewe. Uingereza ni kali zaidi, kwani kikomo cha tela lisilo na breki ni kilo 750. Pamoja na breki, tela linapaswa kuwa na kifaa kinachozifunga lenyewe endapo litachomoka kwenye gari.

Matairi nayo yasipimwe kwa kashata pekee. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho zinazoeleza wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la tela lililokaa juani miaka mingi huweza kupasuka ilhali linaonekana jipya. Tairi lililolika upande mmoja huashiria ekseli iliyopinda au iliyofungwa vibaya.

Baada ya hapo, mnunuzi alale chini na tochi. Atazame vyuma vinavyopita chini ya sakafu kutoka upande hadi upande. Katika matela ya Marekani yaliyo imara, vyuma hivyo huachiana inchi 16, takriban sentimita 41. Yale ya bei nafuu huachiana inchi 24, takriban sentimita 61, na sakafu yake hubonyea mapema panapokaa beseni lililojaa maji.

Kila palipochomelewa pawe na mshono uliokamilika, usio na matundu wala nyufa. Rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu ni sababu ya kuuliza maswali, kwani huenda inaficha kutu au mpasuko uliozibwa. Kwa miji ya pwani, chuma kilichochovywa katika zinki hudumu zaidi kuliko kilichopakwa rangi tu, na mahali alumini inapogusana na chuma pawe na kitu cha kuzitenganisha, maana chumvi huharakisha kuliwa kwa alumini.

Maji ndiyo adui mkubwa wa tela la aina hii, na mara nyingi hushambulia kutoka ndani. Ubao wa plaiwudi unaolowa kila siku huoza chini ya zulia la mpira bila mtu kujua. Mnunuzi akanyage kwa nguvu kuzunguka beseni na karibu na mlango. Pakibonyea, au pakitoa harufu ya uvundo, aelewe kwamba sakafu imekwisha. Sakafu bora ni kipande kimoja kisicho na viungo, kilichopanda kidogo ukutani na chenye mteremko kuelekea tundu la kutolea maji.

Suala la jenereta ni la uhai. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua mtu na mbwa ndani ya chumba kidogo kilichofungwa. Jenereta ikae katika kisanduku chake kilichozibwa kabisa upande wa ndani na kufunguka nje, bomba la moshi lielekee mbali na mlango na matundu ya hewa, na ndani pawe na king'ora cha kutambua hewa hiyo.

Joto nalo huua. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama binadamu. Hutegemea zaidi kuhema. Wale wenye pua fupi, kama vile bulldog na pug, hulemewa haraka. Tela lisilo na vizuia joto ndani ya kuta na dari, na lisilo na kiyoyozi kinachotosha, hugeuka tanuri pale mashine ya kukaushia inapowashwa mchana. Pawepo pia matundu ya hewa yanayofunguka kwa mkono, ili umeme ukikatika mnyama asikose hewa.

Kwa kuwa maji na umeme hukaa pamoja humo, kila soketi ilindwe na swichi inayokata umeme mara tu unapovuja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayefikiria kuagiza tela lililotumika Marekani, yapo mambo matatu ya ziada. Kwanza, wao huendesha upande wa kulia, hivyo mlango wa tela huwa upande wa kulia. Kwetu, tunaoendesha kushoto, mlango huo hufungukia katikati ya barabara, na mbwa akiponyoka huruka moja kwa moja mbele ya magari.

Pili, umeme wao ni volti 120 wenye mzunguko wa hezi 60, wakati wetu ni kati ya volti 230 na 240 wenye hezi 50. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi hezi, hivyo mota za pampu na kiyoyozi huweza kwenda polepole na kupata moto.

Tatu, tufe la chuma la kuungia tela lililozoeleka huko lina inchi 2, yaani milimita 50.8, ilhali lile la Ulaya na Afrika Kusini lina milimita 50. Tofauti hiyo ndogo yatosha kufanya kiungio kilegee au kisijifunge sawasawa.

Tela kutoka Uingereza huepusha tofauti hizo. Vilevile mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kuunda tela zuri, mradi wapewe kwa maandishi orodha ya uzito wa kila kifaa, uwezo wa ekseli na mahali matangi yatakapokaa, kabla ya chuma cha kwanza kukatwa. Kuanza na boma kisha kutafuta nafasi ya vifaa ni kufunga mzigo kabla ya kumpata punda.

Kabla ya kulipa, mnunuzi atake majaribio. Tangi lijazwe pomoni, vifaa vyote viwekwe ndani, na tela lipelekwe kwenye mizani. Uzito usomwe, ulinganishwe na kibandiko. Livutwe kwa dakika 15, kisha vitovu vya magurudumu viguswe kwa uangalifu. Uvuguvugu si tatizo, lakini kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, beringi au breki zake zina kasoro.

Mwisho, kiyoyozi, mashine ya kukaushia, pampu na kichemsha maji viwashwe kwa pamoja kwa dakika 20. Jenereta ikizimika, haitoshi, na itazimika vivyo hivyo mbele ya mteja.

Majaribio hayo huchukua nusu siku. Muuzaji anayeyakataa ameshajibu swali la mnunuzi.