Maiti Peke Yake Haitoshi: Nini Hasa Huifanya Filamu Kuwa Komedi Nyeusi

Kila zinapotajwa filamu za komedi nyeusi, yaani zile zinazochekesha kwa kutumia mambo ambayo desturi inataka yanyamaziwe, kama vile mauaji, kunyongwa, kujiua na maangamizi, swali linalofuata huwa ni lile lile: mbona filamu fulani, yenye maiti tatu na yenye kuvunja mbavu, haimo katika orodha? Swali hilo limeulizwa mara nyingi kiasi kwamba limeanza kuonekana lina maana, na limezaa kanuni ya mitaani inayodai kuwa kifo kikijumlishwa na kicheko hupatikana komedi nyeusi. Kanuni hiyo ni nyepesi kukumbuka na haifai kitu, na haina budi kuvunjwa kabla mtu yeyote hajapendekezewa filamu yoyote.

Ushahidi wa kwanza dhidi yake ni Some Like It Hot, filamu ya Billy Wilder ya mwaka 1959. Wanamuziki wawili wanashuhudia majambazi wakimiminiwa risasi ndani ya gereji mjini Chicago, katika tukio lililotungwa kwa kufuata mauaji ya kweli ya Siku ya Valentine ya mwaka 1929, na baadaye kundi jingine linaangamizwa kwenye karamu na mtu aliyejificha na bunduki ndani ya keki kubwa. Maiti zimejaa tele, lakini vifo hivyo vina kazi moja tu, nayo ni kuwapa wanamuziki hao sababu ya kukimbia na kujificha ndani ya magauni ya kike, na kicheko chote kimeshonwa kwenye magauni hayo. Hali ni hiyo hiyo katika Weekend at Bernie's ya mwaka 1989, ambamo vijana wawili wanazunguka na maiti ya mwajiri wao iliyovalishwa miwani ya jua na kuipungisha mkono kwa kamba ili ionekane hai. Mahali pa maiti hiyo pakiwekwa mlevi aliyepoteza fahamu, karibu kila kituko kitabaki kilivyo, jambo linaloonyesha kuwa filamu hiyo ni kichekesho cha vurumai, yaani cha watu kujikwaa, kuficha na kukaribia kufumaniwa, na kwamba kifo kimeazimwa kama kabati linavyoazimwa kwa ajili ya mtu kujifichia. Scary Movie ya mwaka 2000 ina damu zaidi ya hizo zote, ila kinachochekwa humo ni filamu nyingine za kutisha, hususan Scream, na aina hiyo huitwa mwigo wa dhihaka. Kipimo, basi, ni kukiondoa kifo na kutazama kama kicheko kinabaki. Kikibaki, mjadala umekwisha na hauhitaji kufufuliwa.

Ushahidi wa upande wa pili una uzito zaidi, kwa kuwa unaonyesha kwamba filamu inaweza kuwa nyeusi tititi bila mtu hata mmoja kuuawa mbele ya kamera. Mwaka 1963, Hispania ikiwa chini ya utawala wa Jenerali Franco, mwongozaji Luis García Berlanga alitoa El verdugo, kisa cha José Luis, mfanyakazi wa kampuni ya mazishi ambaye wasichana humkimbia kwa sababu ya kazi yake, na ambaye anaelewana na Carmen, binti wa mnyongaji wa serikali, kwa kuwa naye wavulana humkimbia kwa sababu ya kazi ya baba yake. Mzee huyo anakaribia kustaafu, na familia inatarajia kupata nyumba inayotolewa kwa watumishi wa umma, hivyo ili nyumba isiwaponyoke inabidi mkwe airithi kazi. José Luis anakubali huku akiapa kuwa atajiuzulu siku atakapoitwa kuua, na kuanzia hapo filamu inaendeshwa na fomu, saini, mshahara wa mwezi na ukubwa wa vyumba vya nyumba ambayo bado inajengwa. Wito unapofika, msafara unavuka ukumbi mkubwa mweupe wa gereza kuelekea mahali pa kunyongea: mbele anakwenda mfungwa kwa miguu yake mwenyewe, na nyuma yake anakokotwa mnyongaji, ambaye magoti yamemwisha nguvu. Baadaye anaapa kuwa hatarudia tena, na baba mkwe anamjibu kwa upole kuwa hata yeye alisema hivyo mara ya kwanza. Filamu ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice muda mfupi tu baada ya serikali ya Franco kuwaua wanaharakati wawili, Francisco Granado na Joaquín Delgado, mwezi Agosti, kwa chombo kile kile cha kukaza chuma shingoni kinachotajwa ndani ya filamu, na si ajabu kwamba balozi wa Hispania mjini Rome aliipinga kwa hasira. Anayetafuta maiti za kuhesabu humo atatoka mikono mitupu, ilhali hakuna kicheko kimoja katika El verdugo kinachoweza kubaki pindi adhabu ya kifo ikiondolewa.

Inayoonekana hapo ndiyo sifa ya kwanza ya aina hii, nayo ni udhati wa wahusika, ambao hawajui kabisa kuwa wamo ndani ya kichekesho na wanahangaikia jambo dogo kwa moyo wote huku jambo kubwa la kutisha likiendelea pembeni. Stanley Kubrick aliifikia sifa hiyo kwa njia ya mzunguko. Alinunua haki za Red Alert, riwaya ya Peter George ya mwaka 1958 ambayo haina mzaha wowote, akaanza kuandika filamu nzito kuhusu vita vya nyuklia, hadi alipotambua kuwa mambo aliyokuwa akiyafuta kwa kuhofia watazamaji wasije wakacheka ndiyo yaliyokuwa karibu zaidi na ukweli. Matokeo yake ni Dr. Strangelove ya mwaka 1964, ambamo ofisa wa Uingereza mwenye herufi za siri za kuzirudisha ndege za mabomu anakosa sarafu za kumpigia simu Rais wa Marekani, na kanali anayeamriwa kuifyatulia risasi mashine ya Coca-Cola ili sarafu zipatikane anamwonya kuwa atakuja kuwajibika mbele ya kampuni hiyo. Mwaka huo huo studio ile ile ya Columbia ilitoa Fail Safe ya Sidney Lumet, yenye kisa kinachokaribia kuwa kile kile, na hakuna aliyewahi kucheka. Lenye mafunzo zaidi kwa mashabiki wa kanuni ya mitaani ni kwamba Kubrick alipiga picha za tukio refu ambamo wakuu wa vita wanarushiana mikate ya krimu usoni, kisha akaliondoa lote kwa kuwa halikulingana na sehemu nyingine za filamu. Wahusika wanaojua kuwa wanachekesha wangeifuta hofu yote iliyokuwa imejengwa.

Sifa ya pili ni kunyima faraja, na hapa ndipo filamu nyingi zinazopendwa zinapoanguka. Katika Kind Hearts and Coronets, iliyoongozwa na Robert Hamer mwaka 1949, kijana mstaarabu anawaua ndugu zake sita mmoja baada ya mwingine ili aurithi ukabaila, akiyasimulia mauaji hayo kwa Kiingereza safi kama mtu anayeeleza safari ya mapumziko, na marehemu wote, pamoja na wawili wanaokufa bila msaada wake, wameigizwa na mtu mmoja, Alec Guinness. Anahukumiwa kwa kifo ambacho hakuhusika nacho, anaachiwa huru, na nje ya lango la gereza anakumbuka kuwa ameyasahau ndani maandishi yenye kukiri yote. Filamu inaishia hapo, mtazamaji akiwa amegundua kwa aibu kuwa anamwombea muuaji aokoke. Wakaguzi wa Marekani, ambao kanuni zao zilitaka kila mhalifu aadhibiwe, hawakulivumilia hilo, na nakala ya huko iliongezewa picha zinazoonyesha kuwa maandishi yamekwisha kuonwa na wenye mamlaka.

Kinyume chake ni Life Is Beautiful ya Roberto Benigni ya mwaka 1997, ambayo hutajwa katika kila orodha na ambayo kila mara inapaswa kuondolewa. Mzaha wa baba ndani ya kambi ya Wanazi una lengo la kumlinda mtoto, mtoto anaokoka, na mtazamaji anarudi nyumbani akiwa amelia na kufarijika. Hiyo ni tanzia-ramsa, yaani mchanganyiko wa huzuni na furaha ambamo kila upande huupoza mwingine, na kuitambua hivyo hakuipunguzii thamani. Kwa mantiki hiyo hiyo, utani wa msibani unaojulikana sana Tanzania, ambamo mtani huigiza mwendo na sauti ya marehemu mbele ya wafiwa, haumo katika aina hii, kwa sababu kazi yake ni kuwaliwaza wafiwa na kuwarudisha kwenye uhai. Unachothibitisha ni kwamba madai ya kuwa Waafrika hawawezi kukicheka kifo hayana msingi. Atakayeendelea kubisha atazame Hyènes ya Djibril Diop Mambéty, filamu ya Senegal ya mwaka 1992 iliyotokana na tamthilia ya Friedrich Dürrenmatt, ambamo mwanamke tajiri kupindukia anarudi katika mji wake maskini na kuahidi utajiri iwapo wenyeji watamuua mwenye duka aliyemkana ujanani. Wote wanakataa kwa heshima, kisha wanaanza kununua vitu vya anasa kwa mkopo, tena katika duka la mtu huyo huyo, naye anatazama viatu vipya vikiongezeka miguuni mwa majirani na kuelewa bei ya viatu hivyo italipwa na nani.

Yaliyobaki ni ya kuchagua tu. Mwenye moyo mwepesi aanze na Arsenic and Old Lace ya Frank Capra, ambamo mashangazi wawili wapole huwapa sumu wazee wapweke kwa kuwahurumia, kisha aende kwenye The Ladykillers ya mwaka 1955. Apendaye siasa achukue The Death of Stalin, ambayo Urusi iliifutia kibali cha kuonyeshwa Januari 2018. Apendaye majambazi achukue Fargo, kwa ajili ya mtekaji anayegombania dola nne za maegesho, au In Bruges. Mwenye ujasiri achukue Four Lions, kuhusu walipuaji wasioweza kazi yao. Na Parasite ihesabiwe kuwa ni ya aina hii, hata kama wengi wanaiita msisimko. Zisitazamwe na watoto, na zisitazamwe katika nakala zilizoingiziwa sauti ya dijei anayetafsiri, kwa kuwa dijei huongeza vichekesho vyake juu ya waigizaji ambao kazi yao yote ilikuwa kutochekesha; maandishi ya chini ya picha yanatosha. Anayeitafuta Kind Hearts and Coronets ya Hamer ahakikishe amepata nakala ya Uingereza, isiyo na nyongeza ya Marekani.