Mzee wa nyangumi: Je, ni Macron aliyemtoa rumande?

Wadau, kile kisa cha Paul Watson wengi wanakichanganya. Utasikia mtu anasema, "Yule Macron ndiye aliyemtoa." Mambo hayakwenda kirahisi hivyo, ebu tuyapange.

Watson ni Mmarekani mwenye asili ya Kanada, mwanzilishi wa Sea Shepherd mwaka 1977. Kazi yake ni kuzizuia meli za kuvua nyangumi, tena kwa kuzifuata huko huko baharini. Julai 21, 2024, akiwa na miaka 73, meli yake ilitia nanga Nuuk, Greenland, kuchukua mafuta. Alikuwa njiani kuifuata Kangei Maru, meli mpya ya Japan ya kuchakata nyangumi. Polisi wakapanda, wakamtia pingu.

Kosa gani? Japan ilidai kwamba mwaka 2010, kule bahari ya Antaktika, alihusika katika vurugu dhidi ya meli yao Shonan Maru 2, baharia mmoja akaumia kwa bomu la harufu mbaya. Mwenyewe alikana. Hati ya Interpol ilikuwa inamsaka tangu 2012.

Sasa, Greenland iko chini ya Denmark, kwa hiyo uamuzi wa kumkabidhi au kutomkabidhi ulikuwa wa Wizara ya Sheria kule Copenhagen. Mahakama ya Nuuk kazi yake ilikuwa kuongeza siku za rumande, na iliziongeza mara kadhaa.

Hapo wanasiasa wakaingia. Ofisi ya Rais Macron iliiomba Denmark isimkabidhi. Jiji la Paris likampa uraia wa heshima. Brigitte Bardot naye akapaza sauti. Lakini Macron hana amri juu ya Denmark, na Denmark yenyewe ilikuwa njia panda: Japan ni rafiki, halafu Wagreenland nao wanavua nyangumi kihalali kwa ajili ya chakula. Mtu kama Watson kule si shujaa wa kila mtu.

Desemba 17, 2024, baada ya siku 149, jibu likatoka: hakabidhiwi. Sababu zilizotolewa hazikumtaja Macron wala nyangumi. Kwanza, tukio lilikuwa na zaidi ya miaka 14. Pili, Denmark ilitaka uhakika kwamba akifungwa Japan, siku alizosota Nuuk zitapunguzwa kwenye kifungo. Uhakika huo haukupatikana. Basi, mzee akaachiwa. Julai 2025 Interpol nayo ikaifuta ile hati.

Kwa hiyo kelele za wanasiasa hazikuwa na maana? Mimi nasema zilikuwa nayo, ila si ile tunayodhani. Kelele hazifungui mlango wa gereza. Zinachofanya ni kumfanya mwenye ufunguo asome faili ukurasa kwa ukurasa, maana anajua dunia inamtazama. Mlango wenyewe ulifunguliwa na kipengele kidogo cha sheria ambacho wengi tungekiruka.

Swali linalobaki ni gumu kidogo. Watson alikuwa na rais wa kumsemea. Yule mwanaharakati asiyejulikana, anayesota rumande kwa kutetea msitu au mto wa kwao, faili lake nani atalisoma ukurasa kwa ukurasa?