Beni na Butembo: Simu zimekuwa baraza la mji, lakini nani anajibu?

Tarehe 30 Desemba 2018, wakati sehemu kubwa ya Kongo ilikuwa ikichagua rais, wakaaji wa Beni walipanga mistari mbele ya masanduku ya kura waliyoyatengeneza wenyewe. Siku nne mbele ya hapo, tume ya uchaguzi CENI ilikuwa imetangaza kwamba Beni, Butembo na maeneo ya kandokando, pamoja na Yumbi huko Mai-Ndombe, hayatachagua siku hiyo. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Wapigakura zaidi ya milioni 1.2 wakaachwa pembeni.

Basi watu wakaleta karatasi na kuandika orodha ya majina. Wakaweka na maji ya kunawa mikono, ili kuonyesha kwamba mtu anaweza kuchagua bila kumwambukiza mwenzake. Kisha wakatoa simu. Picha za mistari ile zilienea kwenye WhatsApp, Facebook na Twitter, na vyombo vya habari vya kimataifa vikazichukua. Dunia iliona. Lakini kura zenyewe hazikuhesabiwa na mtu yeyote mwenye mamlaka, na kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima, isirudi ila baada ya siku karibu 20. Beni na Butembo walichagua wabunge wao tarehe 31 Machi 2019. Félix Tshisekedi alikuwa amekwisha kuapishwa tangu tarehe 24 Januari.

Butembo haikungoja simu za kisasa ili kujadili mambo ya serikali. Kwa miaka mingi, pale Furu, watu wamekuwa wakisimama kando ya barabara kuchambua habari za siku, na mkutano huo ukapata jina la Parlement debout, yaani bunge la wanaosimama. Kundi la Véranda Mutsanga nalo linajulikana katika miji yote miwili kwa kuwabana viongozi. Ikaja LUCHA, iliyozaliwa Goma mwaka 2012. Makundi ya WhatsApp yameendeleza kazi ile ile: ujumbe wa sauti wa dakika mbili, kwa Kiswahili au Kinande, unasimulia daraja lililovunjika au kijiji kilichoshambuliwa usiku, na kabla ya saa sita mchana umefika kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Furu.

Kuna sababu inayofanya simu zibebe mzigo mkubwa hivi. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu miji na mitaa inasema mji uwe na baraza, na baraza hilo ndilo lijadili bajeti na kumuuliza meya maswali. Butembo na Beni hawana baraza lililochaguliwa. Uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023 ulifanyika tu katika mitaa ya miji mikuu ya mikoa. Tena tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa dharura, ule unaoitwa état de siège, na wanajeshi na polisi ndio walioketi katika viti vya viongozi wa kiraia. Anayelipa kodi sokoni, akitaka kujua franga zake zimefanya nini, hana diwani wa kumgongea mlango. Anabaki na simu.

Simu hiyo hiyo iliwahi kubeba uongo uliopoteza maisha. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, na Beni, Butembo na Katwa viliumia sana. Mnamo Septemba 2018, watafiti wakiongozwa na wenzao wa Harvard waliwahoji watu wazima 961 katika Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne alisema Ebola haiko. Chini ya theluthi moja ndio waliowaamini viongozi wa mahali. Tarakimu hizo mbili zinakwenda pamoja: mtu asiyeamini ofisi ya meya hataamini tangazo lake hata likisambazwa mara elfu moja.

Kilichosaidia hapo kilikuwa masikio. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika maswali, malalamiko na uvumi, na maneno hayo yalipangwa na kupelekwa kwa wenye kusimamia kazi. Wengi waliogopa kwamba viungo vya marehemu wao vinaibwa, kwa kuwa maiti ilirudishwa ikiwa imefungwa ndani ya mfuko usioonyesha kitu. Jibu halikuwa hotuba. Ililetwa mifuko inayopitisha mwanga, familia ikaweza kuona uso wa mtu wao kabla ya maziko. Raia alisema, wenye kazi wakabadilisha kitu, naye akakiona kwa macho yake. Mambo ya kodi na barabara hayajapata bahati hiyo.

Si kwamba haiwezekani. Huko Kivu Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mitaa kama Ibanda, Kadutu na Bagira ya Bukavu ilijaribu bajeti shirikishi kwa msaada wa Benki ya Dunia. Ujumbe mfupi wa simu uliwaita watu kwenye mkutano, kisha ukawaambia mradi gani umechaguliwa. Simu ya kawaida ya vitufe ilitosha.

Kuuliza, hata hivyo, kuna gharama. Wanaharakati 13 wa LUCHA walikamatwa Beni tarehe 11 Novemba 2021 katika maandamano ya kupinga kuendelezwa kwa utawala wa dharura. Tarehe 1 Aprili 2022 mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo cha miezi 12. Hata yuniti zenyewe ziliwahi kugombaniwa: kodi ya RAM, iliyokuwa ikikatwa kimya kimya kwenye simu za watu tangu mwaka 2020, iliondolewa mwaka 2022 baada ya kelele za nchi nzima.

Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya mkoa imehamia Beni chini ya gavana wa kijeshi, Jenerali Evariste Somo Kakule. Kutoka Butembo hadi ofisi zake ni kilomita zipatazo 50 tu. Matangazo yanayotoka upande wa viongozi huwa ya kuamuru: saa ya kufunga barabara, kodi ya kulipa, mkutano uliokatazwa. Karatasi inayoonyesha mwezi huu imekusanywa kiasi gani na imetumika wapi ingeweza kupigwa picha na kutumwa kwa njia ile ile, kwa mega chache tu.