Mshipa wa ubongo ukijeruhiwa, hujitibu vipi?

Mzee anaamka kwenda kutawadha, mara anaanguka. Mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki. Hapa kwetu Mpanda, kama kwingineko nchini, wapo watakaosema kapigwa na jini. Anakandwa mafuta siku mbili tatu, ndipo apelekwe hospitali.

Ugonjwa huo ni kiharusi: mshipa wa damu wa ubongo umeziba au umepasuka. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006, baada ya kusawazisha tofauti za umri, ulikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu laki moja wilayani Hai, na 316 jijini Dar es Salaam.

Je, mshipa ulioumia unaweza kupona? Wataalamu wamelichunguza hilo kwa panya wa maabara, kwani ubongo wa mtu aliye hai haufunguliwi kila siku kutazamwa.

Ateri ina tabaka tatu: utando laini wa ndani, misuli katikati na ganda la nje. Utando ukichubuka, chembe za kugandisha damu hufunika jeraha, kisha seli za jirani huzaliana na kuziba pengo.

Na njia kuu ikiziba? Fikiria mto Katuma. Mkondo mkubwa ukizibwa, maji hutafuta vijito vya pembeni. Panya waliofungwa mishipa mikubwa ya shingo walionekana mishipa yao ya pembeni ikitanuka na kujenga kuta mpya. Lakini kazi hiyo huchukua siku na wiki, ilhali ubongo uliokosa damu huanza kufa ndani ya dakika. Ndiyo maana kusubiri nyumbani ni hatari.

Adui mkubwa wa matengenezo hayo ni presha. Mwaka 1963, Okamoto na Aoki wa Kyoto, Japani, walitangaza kizazi cha panya wanaopata presha kwa kurithi. Mishipa ya ubongo ya panya hao hunenepa ukuta na tundu lake hupungua. Mshipa unajikinga na kishindo cha damu, kumbe unajifungia njia. Mwaka 1978, Hashimoto na wenzake, huko huko Kyoto, walifunga mshipa mmoja wa shingo wa panya na kuwapandisha presha. Mishipa ya ubongo ikatoa vivimbe kama puto. Utafiti wa 2014 ukaonyesha kwamba panya wenye vivimbe vya namna hiyo walioteremshwa presha kwa dawa, vivimbe vyao vilipasuka kwa uchache zaidi.

Utasema panya si mtu. Ni kweli. Lakini mwaka 2001 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 6,000 waliokwisha kupata kiharusi au dalili zake za kupita. Waliopewa dawa za kushusha presha, kiharusi cha kurudia kilipungua kwa asilimia 28.

Basi tufanye nini majumbani?

Kwanza, pimeni presha hata kama hamuumwi. Aghalabu haina dalili.

Pili, usiache dawa kwa kuwa unajisikia vizuri. Huenda unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa hiyo.

Tatu, punguzeni chumvi. Iwe ya Uvinza au ya dukani, kwa mshipa ni ile ile. Tumbaku nayo iachwe.

Nne, kabla ya Ramadhani mwone daktari akupangie dawa za daku na futari. Akikuzuia kufunga, kumbuka kuwa mgonjwa ameruhusiwa kula, na Suratul Baqara imeeleza hukumu yake.

Tano, mtu akipooza ghafla, kumbukeni saa ilipoanza, msimpe chakula, maji wala dawa mdomoni, maana anaweza kupaliwa. Mlazeni ubavu, kisha hospitali mara moja. Dua aombewe njiani.

Mwenyezi Mungu ameupa mshipa uwezo wa kujitengeneza. Sisi tusiubomoe kila siku kwa presha isiyotibiwa.