MOLASI SI TAKA: MAFUNZO YA MUHORONI NA DWANGWA



Kila aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha sukari anaijua molasi. Ni ule uji mweusi, mzito, unaobaki sukari ikishatolewa, ambao hata ukichemshwa tena haugandi. Katika mashamba mengi ya miwa ya Afrika Mashariki molasi ilimwagwa barabarani kutuliza vumbi, au walipewa ng'ombe, au iliachwa mashimoni mpaka mvua ikaja kuizoa. Walioijua thamani yake mapema ni wapikaji wa gongo, na wao hawakuwa na haja ya kutangaza.

Safari hii katika ukurasa wetu wa nchi jirani tunazitazama Kenya na Malawi. Karibu wakati mmoja, kati ya mwaka 1982 na 1983, nchi hizi mbili zilianza kutia spiriti ya molasi, yaani ethanoli, katika petroli ya magari. Miwa ni ile ile, na mitambo inafanya kazi kwa njia ile ile. Lakini Kenya iliacha mwaka 1993, na Malawi ikaendelea. Tunaona inafaa kuuliza kwa nini, maana kila bei ya mafuta inapopanda, maneno ya spiriti hurudi katika nchi zetu, na atakayeambiwa aongeze bidii ni mfanyakazi.

KAZI YENYEWE

Elimu ya kutengeneza spiriti si ngeni kwetu. Molasi huchanganywa na maji katika matangi makubwa, kisha hutiwa hamira. Hamira hula sukari iliyobaki na kutoa vitu viwili: spiriti na hewa ya ukaa. Baada ya siku moja au mbili tangi huwa na kitu kama pombe, chenye spiriti isiyofika sehemu 10 katika 100. Pombe hiyo hukenekwa, yaani huchemshwa, mvuke wake ukapozwa na kukingwa. Mpaka hapo ni kazi ya gongo iliyofanywa kubwa, kwa minara ya chuma badala ya chungu na mrija.

Tofauti iko mwishoni. Hata ikikenekwa vizuri namna gani, spiriti hubaki na maji kama sehemu 4 au 5 katika 100. Ukiitia hivyo katika petroli, maji yanaweza kujitenga na kushuka chini ya tangi la gari, na gari likakataa kuwaka. Kwa hiyo maji hayo ya mwisho lazima yatolewe kwa mtambo wa pekee. Spiriti iliyokaushwa hivyo ndiyo inayofaa kuchanganywa, na gari la kawaida huweza kutumia mchanganyiko wenye spiriti sehemu 10 katika 100 bila kubadilishwa injini.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tani 1,000 za miwa hutoa molasi tani kama 35. Tani moja ya molasi hutoa spiriti lita kama 250. Basi kiwanda kinachosaga tani 1,000 kwa siku kinaweza kupata lita zipatazo 8,750 kila siku kutokana na kitu ambacho zamani kilimwagwa barabarani. Lakini tukumbuke pia kwamba lita moja ya spiriti ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Anayesema lita kwa lita ni sawa, anatudanganya.

KENYA: MIAKA KUMI, KISHA KIMYA

Mwaka 1973 na tena mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla, na nchi zisizo na visima zikajikuta zinatumia fedha nyingi za kigeni kununua mafuta. Brazil ilianza mpango wake mkubwa wa spiriti mwaka 1975. Kenya nayo ikatazama molasi ya ukanda wa miwa wa magharibi, kando ya Ziwa Victoria.

Mipango ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa Kisumu. Mtambo wake ulikusudiwa kutoa spiriti, hamira na bidhaa nyingine nyingi kwa pamoja. Gharama zilizidi kupanda, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ujenzi ukasimama kabla haujaisha. Vyuma vikakaa pale karibu miaka 20 kabla ya mtambo huo kufufuliwa.

Wa pili ulikuwa Muhoroni, nao ulikuwa wa kiasi. Ulijengwa katikati ya viwanda vya sukari vya Muhoroni, Chemelil na Miwani, ili molasi isisafirishwe mbali, na ulitoa spiriti na hamira ya mkate. Kuanzia mwaka 1983 petroli yenye spiriti sehemu 10 katika 100 iliuzwa Nairobi. Wenye magari waliizoea. Injini hazikufa, kama wengine walivyotabiri.

Basi kitu gani kiliuua mpango? Kwanza ni bei. Mwaka 1986 mafuta yalishuka duniani mpaka chini ya dola 15 kwa pipa. Spiriti iliyoonekana rahisi wakati wa shida ikaonekana ghali wakati wa neema. Tangu mwaka 1978 Kenya ilikuwa na bomba la kuleta mafuta Nairobi kutoka Mombasa, hivyo petroli ya nje ilifika mjini bila taabu kubwa. Makampuni ya mafuta hayakuwa na sababu ya kuipenda bidhaa iliyopunguza mauzo yao. Na wenye mtambo wakaona kwamba spiriti yao ingelipwa vizuri zaidi ikiuzwa kwa watengenezaji wa vinywaji na nje ya nchi kuliko ikimwagwa katika tangi la gari kwa bei iliyopangwa. Mwaka 1993 mchanganyiko ukakoma.

Pili ni molasi yenyewe. Mtambo wa Muhoroni ulijengwa kutoa lita 60,000 kwa siku. Kwa hesabu yetu ya hapo juu, hizo ni tani 240 za molasi kila siku, na nyuma yake ni miwa karibu tani 7,000. Hakuna kiwanda kimoja cha jirani kilichoweza kutosheleza hayo peke yake. Kiwanda cha sukari kikilala, mtambo wa spiriti nao hulala. Mwaka 2001 viwanda vya Miwani na Muhoroni viliwekwa chini ya wafilisi, na kila mfanyakazi wa ukanda ule alijua maana yake.

MALAWI: UMBALI ULIKUWA MWALIMU

Malawi haina bahari. Katika miaka ya 1980 vita vya Msumbiji viliziharibu njia zake za reli za kwenda Beira na Nacala, na mafuta yakalazimika kuzunguka njia ndefu. Sehemu ya mizigo yake ilipita kwetu, bandarini Dar es Salaam, kisha TAZARA na barabara mpaka Mbeya. Wenzetu makuli, madereva na wafanyakazi wa reli wanaikumbuka kazi hiyo. Kila lita iliyofika Lilongwe ilikuwa imekwisha kula nauli kubwa.

Kwa nchi ya namna hiyo, lita inayotengenezwa nyumbani haishindani na bei ya mafuta baharini tu, bali na bei ya mafuta pamoja na safari nzima. Hii ndiyo sababu mtambo wa Dwangwa, kando ya Ziwa Nyasa, wilayani Nkhotakota, ulioanza mwaka 1982 pembeni ya kiwanda cha sukari kilichofunguliwa mwaka 1979, ulidumu hata bei ya dunia iliposhuka. Kiasi cha spiriti katika petroli kilipanda na kushuka, kati ya sehemu 10 na 20 katika 100, kufuatana na kilichopatikana. Mwaka 2004 mtambo wa pili ulianza kusini, karibu na mashamba ya Nchalo, na molasi ya huko haikuhitaji tena kusafirishwa mpaka Dwangwa.

Malawi haikuwa na mashine bora kuliko Kenya. Ilichokuwa nacho ni sababu isiyobadilika kila bei inapobadilika, na mpango ulioshikamana na sababu hiyo. Kenya iliupima mpango wake kwa bei ya mwaka ule. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Mafuta rahisi ya mwaka 1986 yalikuwa msala upitao. Bei ilipanda tena miaka ya 2000, na tangu wakati huo kuirudisha spiriti ya magari kumezungumzwa Kenya zaidi ya mara moja.

JE, MAKAPI NA MABUA?

Wasomaji watauliza: kama molasi haitoshi, mbona tusitumie makapi ya miwa, mabua ya mahindi na pumba? Hivyo navyo vina sukari, lakini imefungwa ndani ya nyuzi ngumu ambazo hamira haiwezi kuzila. Lazima kwanza nyuzi zivunjwe kwa joto, mvuke, asidi na vimeng'enya. Inawezekana: huko Piracicaba, Brazil, mtambo wa kutumia makapi ya miwa ulizinduliwa mwaka 2015. Lakini ni kazi ghali, na huko Marekani mitambo mikubwa ya mabua ya mahindi iliyofunguliwa miaka hiyo hiyo ilifungwa baada ya muda mfupi. Tusisahau pia kwamba makapi yetu si taka hata sasa. Ndiyo yanayowasha boila za kiwanda. Anayeyachukua lazima aseme boila itakula nini.

HATARI ZA KAZI

Sasa tuseme yale ambayo hayaandikwi katika vitabu vya miradi. Hewa ya ukaa inayotoka katika matangi ya hamira ni nzito, haionekani wala hainuki. Mtu akiingia katika tangi kulisafisha kabla halijapitishwa hewa safi, huanguka. Na mwenzake anayeruka kumwokoa bila kifaa cha kupumulia humfuata. Moto wa spiriti mchana hauonekani vizuri, na mtu anaweza kuuingia kabla hajaujua. Katika mitambo ya zamani maji ya mwisho yalitolewa kwa kutumia benzeni, kemikali inayoleta saratani ya damu. Mitambo mipya hutumia chujio la chembechembe badala yake. Mfanyakazi ana haki ya kujua mtambo wake unatumia nini.

Halafu kuna maji machafu. Kila lita ya spiriti huacha lita kama 12 za maji ya moto, ya rangi ya kahawia na makali, yaitwayo vinasi. Kiwanda chetu cha lita 8,750 kingetoa zaidi ya lita 100,000 kwa siku. Yakiingia mtoni humaliza hewa ndani ya maji, na samaki hufa. Mto Nyando hupita nchi ya Muhoroni na kuingia Ziwa Victoria. Dwangwa iko kando ya Ziwa Nyasa. Wanaokunywa na kuvua huko ni jamaa za wafanyakazi hao hao. Dawa ipo. Huko Triangle, Zimbabwe, ambako spiriti ya magari ilianza mwaka 1980, vinasi ilichanganywa na maji mengi ya kumwagilia na kurudishwa katika mashamba ya miwa, maana ina chumvi ya potasi inayolisha udongo. Lakini jambo hilo linataka mifereji, vipimo na watu wa kusimamia, na yote hayo ni gharama ya kuhesabiwa tangu mwanzo.

NI MALI YA NANI?

Tunamaliza na swali tunaloliona kubwa kuliko yote. Mkulima wa miwa anapopeleka mzigo wake kiwandani, anapeleka sukari, molasi na makapi kwa pamoja. Akilipwa kwa sukari peke yake, kwa sababu molasi ni "taka", basi siku taka hiyo inapokuwa mafuta ya magari, faida inakwenda kwa mwingine. Mauritius ililiona jambo hili: huko wakulima wa miwa hulipwa pia kwa ajili ya molasi na makapi. Mkata miwa na mtu wa boila nao wanahusika. Jasho lililotoa sukari ndilo lililotoa molasi.

Kwa hiyo, ndugu, siku uongozi utakapoleta mpango wa spiriti katika Baraza la Wafanyakazi, tusiupinge kwa woga wala tusiupigie makofi kwa furaha. Tuulize: Molasi itatoka wapi kiwanda kikisimama? Nani amekubali kununua spiriti, kwa bei gani, na mkataba unasemaje mafuta ya dunia yakishuka? Vinasi itakwenda wapi? Nani atafundishwa kazi ya matangi, na vifaa vya kupumulia vimenunuliwa? Mkulima na mfanyakazi watapata fungu gani?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, yatiwe sahihi, na nakala ikae katika ofisi ya tawi. Mali bila daftari huisha bila habari.