Usonji Haumaliziki Utotoni

Katika mtaa mmoja wa Nyamirambo, mjini Kigali, anaishi bwana mmoja mhasibu aliyezaliwa mwaka 1985. Kazini hana mfano, kwani hesabu zake hazijapata kurudishwa. Lakini simu zikilia kwa pamoja ofisini, yeye hutoka nje akiwa ameziba masikio. Salamu ndefu za asubuhi humchosha kuliko kazi ya kutwa, na maneno ya mafumbo hayamwingii. Wenziwe walimwita mwenye kiburi. Mkewe naye, kwa miaka mingi, alidhani hapendwi.

Mwaka 2023 bwana huyu alisikia redioni maelezo juu ya usonji, akajiona mwenyewe katika kila neno. Akaenda kwa daktari. Daktari wa kwanza alicheka, akasema: “Huo ni wa watoto. Wewe umesoma, una kazi, una mke.” Wa pili hakumwuliza juu ya utoto wake hata neno moja. Alitazama mwaka wa kuzaliwa, akaandika “ihahamuka”, yaani kiwewe kilichoachwa na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, kisha akampa vidonge vya usingizi.

Ndugu msomaji, si nia ya makala haya kuwabeza madaktari. Kiwewe kipo, na kimewatesa watu wengi katika nchi yetu. Baada ya mwaka 1994 wataalamu wa magonjwa ya akili walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na hapana budi waliutazama kwanza msiba uliokuwa mbele ya macho yao. Hata hivyo, jibu lililo sahihi kwa wengi laweza kuwa kosa kwa mmoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Yafaa ieleweke kwamba dhana ya kuwa usonji ni jambo la watoto ina asili yake. Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner wa Marekani alichapisha maelezo ya watoto 11 wenye hali hiyo, na tangu hapo picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya mtoto. Lakini watoto wale walikua. Wa kwanza katika orodha yake, Donald Triplett, alifanya kazi katika benki ya mji wake kwa zaidi ya miaka 60, akaendesha gari na kusafiri nchi nyingi, hadi alipofariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Elimu na kazi havikuufuta usonji wake.

Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, nao unakiri kwamba dalili zaweza zisionekane wazi mpaka mtu azidiwe na matakwa ya maisha. Mwenye akili nyepesi hujifunza kuwaiga wenziwe, naye hulipa kwa uchovu usioonekana.

Je, usonji na kiwewe hutofautishwa vipi? Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei ya kuonyesha usonji. Daktari hutegemea mazungumzo, uangalizi na historia. Kiwewe kina siku ya kuanza. Usonji huanza na mtu tangu uchanga wake. Tena mtu mmoja aweza kuwa na vyote viwili.

Hapa ndipo penye ugumu wa pekee kwetu. Daktari akiuliza, “Ulikuwaje ulipokuwa na miaka mitatu?” nani atajibu? Wazazi wa bwana yule waliuawa mwaka 1994. Picha na karatasi za nyumbani ziliteketea.

Daktari wa tatu alimsikiliza kwa saa mbili, kisha akauliza swali moja: “Yuko nani aliyekujua kabla ya vita?” Alikuwako shangazi yake, mkazi wa Huye. Bibi yule alikuja, akaketi, akasimulia: “Mtoto huyu alipokuwa na miaka minne alipanga maharage mkekani kwa rangi zake, kutwa nzima. Ukiligusa moja alilia mpaka jioni. Ngoma za kanisani zikipigwa, tulimtoa nje. Tulisema tu, ndivyo alivyoumbwa.” Mambo hayo yalikuwa ya mwaka 1989.

Bwana yule alipewa jibu lake. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, wala yeye hakuitafuta. Meza yake ya kazi imehamishiwa chumba cha kimya, na mkewe sasa hutambua kwamba ukimya wake si chuki.

Mjini Kigali kipo kituo cha Autisme Rwanda kinachowahudumia watoto. Ni jambo la kushukuru, lakini watu wazima nao wangali wanabisha hodi. Anayekwenda kwa daktari aandike kwanza aliyoyakumbuka ya utoto wake, na amtafute ndugu, jirani au mwalimu wa zamani aliyemjua. Daktari naye asiufanye ukosefu wa shahidi kuwa ushahidi. Wako wasiobakiwa hata na shangazi mmoja. Hao ndio hasa wanaostahili kusikilizwa kwa saa mbili.