Kabla Farasi Hawajakanyaga Shamba la Mtu

Jioni ya kuamkia siku ya mwindo, katika vijiji vya Leicestershire, Uingereza, kazi kubwa haifanyiki zizini bali shambani. Mtu mmoja, mara nyingi yule atakayewaongoza wapanda farasi kesho yake, huvaa mabuti ya mpira akaenda kuzunguka kwa miguu. Hukandamiza nyasi kwa kisigino, hudidimiza fimbo, hukagua malangoni kama maji yametuama kwenye nyayo za ng'ombe. Kisha hurudi nyumbani kupiga simu. Mgeni huona makoti mekundu, mbwa na pembe, akadhani desturi yenyewe ndiyo hiyo. Mimi naona kiini chake kiko kwenye yale matembezi ya jioni na zile simu.

Kuhusu mwindo wenyewe, maneno machache yatatosha. Tangu tarehe 18 Februari 2005 ni marufuku Uingereza na Wales kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa. Vyama vya uwindaji havikufa. Mtu hutangulia akiburuta kitambaa chenye harufu, na mbwa na farasi hufuata. Wapinzani husema hicho ni kisingizio cha kuendelea na mambo ya zamani, na chama cha Labour kiliahidi kwenye ilani yake ya mwaka 2024 kupiga marufuku hata hilo. Ugomvi huo una wasemaji wengi. Udongo hauna, nao ndio unaoamua kama kesho watu watatoka au watalala.

Leicestershire ilipata sifa ya uwindaji katika karne ya 18, enzi za mwindaji Hugo Meynell wa kundi la mbwa la Quorn, kwa sababu ya malisho yake mapana. Lakini chini ya majani hayo kuna mfinyanzi mzito. Aliyewahi kukwama na baiskeli kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi. Malisho mengi ya huko bado yana mawimbi ya kilimo cha zama za kati, tuta na mfereji, tuta na mfereji, hadi mwisho wa shamba. Mwezi Januari tuta linaweza kubeba farasi huku mfereji ulio hatua chache kando yake ukimmeza hadi kifundoni. Farasi wa mwindo ana uzito wa nusu tani au zaidi kabla hujamwongeza mpandaji na tandiko. Wakipita hamsini kwenye mstari mmoja, malisho hugeuka uji, na majani hayarudi mpaka majira ya kuchipua.

Kwingine elimu ni tofauti. Vilima vya chokaa vya Wiltshire hunyonya mvua upesi, mtu akapanda siku moja tu baada ya gharika, ila mawe makali yaliyojificha huumiza nyayo za farasi. Kwenye nyanda za juu za Exmoor, kijani kinachong'aa kuliko chote ndicho cha kuogopwa, maana chini yake kuna bwawa la mboji. Wenyeji huyajua mabwawa hayo na njia za kuyazunguka, na mgeni mwenye busara hubaki nyuma ya mwenyeji.

Baridi ndiyo yenye hila zaidi. Ardhi ikiganda ngumu kabisa, uamuzi ni mwepesi: hakuna safari, kwa sababu mshtuko wa kila hatua hupanda mguuni, na farasi akiruka ua hutua kama juu ya saruji. Taabu ni asubuhi ya jua. Juu panayeyuka, panakuwa na utelezi, huku barafu ikiwa bado iko kidogo tu chini. Upande wa shamba unaotazama kusini uko tayari. Kivulini mwa ua, pale farasi atakapotua, sakitu haijaondoka. Hapo ndipo utasikia mkutano umesogezwa mbele kwa saa moja au mbili, watu wakinywa divai tamu juu ya matandiko na kutazama anga.

Mguu wa farasi ndio hesabu ya kwanza. Tope zito huvuta kano mpaka zichanike, na huchomoa viatu vya chuma vikabaki ardhini. Huleta pia ugonjwa wa ngozi unaoitwa homa ya tope, magamba na vidonda kwenye vifundo. Bakteria anayehusika mara nyingi huitwa Dermatophilus congolensis. Alielezwa mwaka 1915 kutoka kwa ng'ombe wa Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji, na jina la Kongo limemganda hadi leo, hata anapomsumbua farasi wa Leicestershire ambaye hajawahi kuona mto mkubwa kuliko Soar.

Kwenye viwanja vya mbio kazi hii imepewa mizani rasmi. Ardhi hutangazwa kuwa ngumu, nzuri, laini au nzito, pamoja na daraja za katikati, na kuna kifaa cha kielektroniki cha umbo la fimbo kinachopima jinsi udongo unavyokubali kudungwa na kukatwa. Lakini uwanja wa mbio ni mmoja, una mwenyewe na una watunzaji. Mwindo hupita kwenye mashamba ya watu kumi, pengine ishirini, kwa siku moja. Hakuna kifaa kinachopima uvumilivu wa watu ishirini.

Ndiyo maana simu huja baada ya fimbo. Chama hakina haki ya kupita. Kina ruhusa tu, na ruhusa hutoka kwa mkulima mmoja mmoja. Huyu ana ngano changa, isiguswe. Yule ana kondoo wenye mimba kwenye shamba la chini. Wa tatu anakubali, ila wafuate ukingo wa shamba, mmoja nyuma ya mwingine. Kiongozi hukariri yote hayo, na siku ya pili hakuna anayeruhusiwa kumpita mbele. Wa mwisho hufunga lango. Ardhi ikiwa laini mno, chama hupunguza idadi ya wapandaji, huhamia vilimani au misituni kwenye njia ngumu, au huwarudisha watu nyumbani mapema. Mkulima akisema hapana, haombwi sababu.

Ruhusa hiyo hulipiwa kwa njia za kijirani. Ng'ombe au kondoo akifia shambani, vyama vingi hupeleka gari kumchukua, na nyama yake huwa chakula cha mbwa. Ua uliovunjwa na farasi hutengenezwa. Kuna karamu za wakulima, na mbio za majira ya kuchipua ambako wenye mashamba hupokelewa kama wageni wa heshima. Mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia na mifugo zaidi ya milioni 6 ikachinjwa, vyama vilisimamisha mwindo mwezi Februari. Kuendelea kupita zizini kwa watu waliokuwa wakilia mifugo yao kungekuwa ufedhuli usiosahaulika.

Safari za hisani za wapanda farasi zimerithi utaratibu huu, ila kwa sura tofauti. Hufanyika zaidi majira ya kuchipua hadi mwanzo wa vuli, mara nyingi kwenye mashamba yaleyale, kukusanya fedha za helikopta za wagonjwa, ambazo katika sehemu kubwa ya Uingereza huendeshwa kwa michango, au za nyumba za kuwatunza wagonjwa mahututi. Wakati huo adui si tope tena, ni ukavu. Wiki tatu bila mvua na mfinyanzi hupasuka; waandaaji huweka njia juu ya mabua ya shayiri iliyovunwa, humwaga vipande vya mbao au mchanga mahali pa kurukia, na kila kiunzi hupewa njia ya pembeni kwa asiyetaka kuruka.

Kishawishi hapa ni kikubwa zaidi. Watu wamekwisha kulipa, magari ya farasi yamekodiwa, keki zimeokwa, na fedha ni za wagonjwa. Ni rahisi mwandaaji kusema tutapita tu, ni kwa nia njema. Kwa maoni yangu hoja hiyo ndiyo mbovu kuliko zote, kwa sababu inatumia sadaka kulipia hasara ya mtu wa tatu. Mwindaji akiharibu malisho anajulikana ni mwindaji, na atalaumiwa. Aliyeharibu kwa jina la hospitali anamziba mkulima mdomo. Mwandaaji anayefaa ni yule anayeahirisha Ijumaa usiku na kukubali kutukanwa Jumamosi.

Basi ukiwa unaishi huko na rafiki akakualika kwenye safari ya hisani, piga simu jioni kabla ya kutoka uulize hali ya ardhi. Ukiambiwa imeahirishwa, usidai kurudishiwa kiingilio. Waachie wagonjwa, na mwombe rafiki akupeleke kumsalimu mwenye shamba.